Pipa, Popo na Kigoda

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta, na hakuna aliyemlazimisha. Cheo hicho alijitwalia mwenyewe saa nne asubuhi, akakivaa kama kofia ya harusi, akatembea nacho mbele za watu mpaka saa nane mchana, alipotokea mtu wa kumvua.

Kufikia saa nne alikuwa ameshamtia pingu mpiga ngoma. Na usimcheke upesi, maana kesi yenyewe ilikuja imemenywa, imekatwakatwa, kilichobaki ni kutafuna. Jana yake alasiri, mwenye studio alikutwa amelala kwenye ngazi za jengo lake, kwenye kituo kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kichwa kimepasuka, pumzi za kuhesabu. Sasa alikuwa hospitali na hajafumbua macho. Juu kule kwenye studio, ghorofa ya tatu, walikuwemo watu wawili tu kwa uhakika. Mmoja ni Fundi wa sauti, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Wa pili ni mpiga ngoma ambaye mji mzima ulimwita Radi, mpwa wa huyo huyo mwenye studio. Meneja wa studio, mdogo wake mwenye studio na kwa hiyo mjomba mwingine wa Radi, alisema yeye alikuwa chini getini akisubiri gari la viti.

Halafu kulikuwa na ugomvi. Saa sita mchana Radi na mjomba wake mkubwa walitupiana maneno hadi mshona nguo wa ghorofa ya kwanza akasimamisha cherehani ili asipitwe. Ugomvi wenyewe ulihusu maiki. Mjomba alikuta moja imefungwa chini ya kiti cha mpiga ngoma, nyingine imetumbukizwa kwenye pipa tupu la maji, nyingine inaning'inia ngazini kwa kamba, akauliza kama hii ni studio au duka la vyombo chakavu. Radi akamjibu kwamba anayesikia kwa macho asimiliki studio. Mshona nguo alilikariri jibu hilo kwa Inspekta mara mbili, mara ya pili kwa kuigiza.

Juu ya yote hayo kukawa na rekodi. Meneja aliileta mwenyewe kituoni, ndani ya flashi ndogo, uso umemsawajika. "Sikiliza dakika ya tatu, Inspekta," alisema. "Mimi sitaki kumsema mtoto wa dada yangu. Sikiliza tu."

Inspekta akasikiliza. Ngoma zinakwenda, zinakwenda, ghafla kimya. Ndani ya kimya, kishindo: puu! Kisha ngoma zikarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Kimya kile kilikuwa cha sekunde arobaini kamili. Inspekta akaenda kwenye jengo na saa yake mkononi, akatembea kwa haraka kutoka kwenye kiti cha mpiga ngoma hadi kichwani mwa ngazi, akasukuma hewa, akarudi, akaketi. Sekunde thelathini na tatu.

"Zimebaki saba za kufuta jasho," aliwaambia wenzake.

Radi alipofungwa pingu alisema neno moja tu la kujitetea: "Wimbo wenyewe unanyamaza pale, Afande."

"Na mjomba wako naye amenyamaza," Inspekta akamjibu, akajiona mjuzi wa maneno. Kesho yake saa tatu asubuhi Radi angesimama mbele ya hakimu.

Mama yake Radi alikuwa kwenye benchi la kituo tangu asubuhi, mwanamke mrefu, mkimya, mkoba magotini. Yeye ndiye dada mkubwa wa wale ndugu wawili. Mwenye studio alimfuata, na Meneja ndiye kitinda mimba. Inspekta alimwamkia kwa adabu na kumshauri aende nyumbani akapumzike.

"Marahaba, baba," alijibu. "Mdogo wangu yuko hospitali, mwanangu yuko kwako. Sasa nigawanye. Huu mguu upeleke kule, huu uuache hapa, halafu uniambie kichwa kikapumzike wapi."

Inspekta alipita akijifanya anatafuta faili.

Saa nane mchana Fundi akaingia na mkoba begani. Hakuomba kiti. Alitoa kompyuta, akasukuma kando kikombe cha Inspekta, akaiweka juu ya meza kama mtu anayeweka sufuria ya moto.

"Umesikiliza maiki gani?" aliuliza.

"Ile ya rekodi."

"Zilikuwa nane."

Inspekta alimtazama, akatazama kompyuta. "Nane za nini? Mpiga ngoma si mmoja?"

"Mpiga ngoma mmoja, ngoma tano, matoazi manne, na chumba. Tano nimeziweka wanakoweka watu wote: juu ya matoazi, mbele ya ngoma ya mguu, kwenye ile ndogo yenye nyuzi. Hizo hazina ubishi. Tatu nimeziweka wasikoweka watu, na hizo ndizo zilizonitukanisha jana." Akafungua kioo cha kompyuta. Mistari minane ilikuwa imejipanga, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja umetunatuna kama nyoka aliyemeza mayai. "Huyu ni Kigoda, nimemfunga chini ya kiti cha Radi. Huyu ni Pipa, yuko ndani ya pipa la maji kwenye ujia, nje ya ofisi. Na huyu ni Popo, ananing'inia ngazini."

"Umewapa majina."

"Na wewe mahabusu wako huwapi?"

Askari wa zamu alikohoa ili asicheke. Inspekta akamwonyesha mlango kwa kidevu.

"Sasa kwa nini uziweke huko?" aliuliza walipobaki wawili. "Ngoma iko pale, mtu anapiga pale. Wewe unakwenda kuitafuta kwenye pipa."

"Wewe ukitaka kumjua mtu, unamuuliza yeye peke yake?"

"Hapana. Namuuliza jirani. Na mpangaji wa chini yake."

"Basi tumesoma shule moja. Ngoma nayo ukiiuliza yenyewe tu, itakudanganya. Itakwambia ni ngozi na fimbo. Jirani ndiye anajua uzito wake, na kiti ndicho kinachojua anavyokaa aliyeipiga." Alivuta miwani chini. "Kwenye flashi aliyokupa Meneja mna Popo peke yake. Umemhoji shahidi mmoja kati ya wanane, Inspekta, tena yule aliyekuwa mbali kuliko wote."

Akampa hedifoni. Inspekta akazivaa, masikio yakabanwa, na Fundi akamchagulia Kigoda peke yake.

Hizi hazikuwa ngoma alizozisikia asubuhi. Zilisikika kama zinapigwa ndani ya kifua. Springi za kiti zililia kidogo kila Radi alipoegemea kushoto. Ngoma zikanyamaza. Ndipo akasikia pumzi, na chini ya pumzi, sauti ya mtu anayenong'ona peke yake, na matoazi ya mguu yakifumbwa taratibu kwa kanyagio, cha, cha, cha, cha.

"Moja, mbili, tatu, nne. *Mbili*, mbili, tatu, nne. *Tatu*, mbili, tatu, nne."

"Anahesabu," Inspekta alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wote waliofunikwa masikio.

"Wimbo unanyamaza mizunguko kumi na sita. Kinanda kitaingia hapo, tutakirekodi baadaye. Kwa sasa hakuna cha kumwongoza, lazima ahesabu. Endelea."

Kwenye mzunguko wa nane Inspekta akasikia sauti nyembamba, kama ya mbu mwenye elimu: *nane bado*. Ilikuwa sauti ya Fundi mwenyewe, ikivuja kutoka kwenye hedifoni za Radi. Tisa. Kumi. Kumi na moja, na hapo, puu! Radi akasonya. Kanyagio halikukosa hata pigo moja. "*Kumi na mbili*, mbili, tatu, nne." Kisha mbu akarudi: *jiandae*. Kumi na sita ikaisha na ngoma zikaanguka zote pamoja.

Inspekta alivua hedifoni polepole. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena, kidole hewani kikihesabu pamoja na Radi. Kishindo kilipolia, springi za kiti zilikuwa bado chini ya mtu mzima mwenye kilo zake themanini.

"Hakuinuka," alisema.

"Hakuinuka hata kukuna mgongo."

"Na wewe?"

Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nalisubiri swali hilo. Chumba changu cha mitambo hakina dirisha, hakuna aliyeniona. Ila umenisikia. Nane bado, kisha kishindo, kisha jiandae. Ile ya kuongea na Radi ni maiki ya waya, inakaa mezani kwangu. Toka nane mpaka jiandae ni sekunde kumi na tatu. Kama naweza kushuka ngazi, kumwangusha mwanaume aliyenizidi kimo, na kurudi kwa sekunde kumi na tatu, nifungeni, lakini kwanza nipelekeni kwenye mashindano ya mbio."

"Kishindo ulikisikia?"

"Nilidhani upepo umebamiza mlango. Popo nilikuwa nimemzima masikioni mwangu."

Inspekta akainamia kioo. Alikuwa na tabia moja iliyomlisha miaka yote ile, nayo ni kutazama kitu baada ya kuambiwa kimekwisha. Kishindo kilionekana kwenye mistari yote minane, kijiti cheusi kimesimama wima. Lakini vijiti havikusimama sambamba.

"Mbona havijapangana?"

"Sauti haifiki kila mahali kwa pamoja. Inatembea. Kila mita moja inakula karibu sehemu tatu za elfu za sekunde. Kidogo mno kwa sikio, ila kompyuta haina haraka. Ukifanya kazi hii unazoea kuwasogeza, maana Popo huchelewa kila siku, anakuta wenzake wameshakula. Mimi hizi bado sijazigusa."

"Kwa hiyo aliyekuwa karibu na kishindo ndiye alisikia kwanza."

"Ndiyo."

"Mtu ameanguka ngazini. Popo yuko ngazini." Inspekta aliweka ukucha kwenye kioo. "Basi niambie, kwa nini Popo ndiye wa mwisho?"

Fundi alivuta kiti, na sasa akaketi. Alikuja kumtoa Radi rumande. Hilo la nani wa kwanza na nani wa mwisho hakuwa ameliangalia. Akaupanua mstari hadi kila chembe ikawa kubwa kama dirisha.

"Pipa wa kwanza," alisema. "Kigoda wa pili, baada ya sehemu kumi na nne. Popo wa tatu, ishirini na tisa."

"Lakini kwa Popo ndiko kishindo ni kikubwa zaidi. Asubuhi kilinitoa kitini."

"Kwa sababu nilimpandisha. Yuko mbali, usipompandisha husikii kitu. Pipa nilimshusha, maana pipa ni domo kaya, ukimwachia anafunika wote." Aligonga meza kwa ukucha. "Ukubwa wake usiuamini, Inspekta. Huo ni mkono wangu. Nani kamtangulia nani, hilo mkono wangu haujagusa."

Inspekta alichukua funguo za gari. Mlangoni akasimama mbele ya benchi. "Mama, ndani kuna chai, nimesema wakuletee. Usiondoke."

"Nilikwambia nakwenda wapi?" alijibu Mama Radi.

Studio ilikuwa imefungwa kwa utepe wa polisi tangu jana usiku, na angalau mara hii utepe ulifanya kazi yake: hakuna kilichosogezwa. Ujia mmoja mrefu. Mwisho wa kulia, chumba cha ngoma, mlango wake umeachwa wazi kiasi cha kupitisha kiganja, makusudi, ili sauti itoke ikacheze nje. Mwisho wa kushoto, ngazi, na Popo akining'inia kwenye kamba yake hadi usawa wa kituo alipokutwa mwenye studio. Katikati, mlango wa ofisi. Ng'ambo ya mlango huo, ukutani, pipa la bluu.

Kwa nusu saa iliyofuata Inspekta alifanya kazi ambayo hakuna chuo kilichomfundisha. Fundi alikaa kwenye mitambo, milango imeachwa wazi, naye Inspekta akapewa vipande viwili vya mbao ili avigonganishe kila atakapoambiwa.

"Anza ngazini!" Fundi alipaza sauti.

Alishuka hadi kituo cha ngazi, akagonga. Ta!

"Popo wa kwanza, kawaacha wenzake mbali! Panda!"

Kichwani mwa ngazi: ta!

"Bado Popo! Panda!"

"Nimeshapanda, Fundi, ghorofa zimekwisha! Nikipanda tena ni paa!"

"Basi njoo huku!"

Mwanzoni mwa ujia, ta. Mbele ya pipa, ta, akazibwa masikio na mwangwi wake. Hapo Pipa alikuwa wa kwanza, sawa, ila Popo alichelewa mno, hesabu haikukaa. Akaingia ofisini, akagonga mlangoni. Akagonga kwenye meza. Magoti yalikuwa yanamkumbusha umri wake kwa lugha isiyofaa kuandikwa.

"Kumi na moja na ishirini na tano!" Fundi aliita. "Uko jirani! Ingia ndani zaidi!"

Dirishani: haikukaa. Kwenye kiti cha wageni: ikapita. Akasogea pembeni, palipokuwa na kabati la chuma lenye droo nne, akainama mpaka usawa wa kiuno, akagonga.

Safari hii Fundi hakupaza sauti; alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni pa ofisi.

"Kumi na nne na ishirini na tisa," alisema.

Inspekta aliziweka mbao chini. Kabati lilikuwa limevaa vumbi la miezi, vumbi zuri, la heshima, ambalo mtu angeweza kuandika jina lake. Isipokuwa kona moja ya mbele, upande wa juu. Kona hiyo iling'aa. Hakuigusa. Alichutama, akamulika kwa simu kwenye mshono wa chini ya kona, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya kutu, na kabati lenyewe halikuwa na kutu popote.

"Waite watu wa maabara," alimwambia askari wake kwa simu. "Na uniletee mlinzi wa geti kwenye laini."

Mlinzi wa geti hakuwa mtu wa maneno mengi. Gari la viti lilikuja saa tisa kasorobo, likashusha, likaondoka. Meneja alitia saini, akapanda juu. Hapana, hakushuka tena mpaka watu walipoanza kupiga kelele. Hakuna aliyemuuliza hayo jana. Waliuliza kama Meneja alikuwa getini, naye alikuwa getini, si ndiyo?

Rekodi, kompyuta ilisema, ilianza saa tisa na dakika tisa; kishindo cha dakika ya tatu kililia saa tisa na dakika kumi na mbili.

"Ila mnaniacha na swali," Fundi alisema. "Kama aliangukia humu, kafikaje ngazini? Popo angesikia akiburutwa."

"Baada ya wimbo kuisha mlifanya nini?"

Fundi alifikiri. Alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tulisikiliza. Mimi na Radi, chumba cha mitambo, mlango umefungwa, spika juu. Mara mbili mfululizo. Maiki zote zilikuwa zimezimwa."

Saa kumi na moja jioni Meneja alipanda ngazi akiwa ameitwa kutambua kitu. Alipofika ofisini alimkuta Inspekta, Fundi, na dada yake, yaani Mama Radi, ambaye Inspekta alimtumia gari. Radi mwenyewe alikuwa kwenye benchi la ujia na askari mmoja; pingu zilikuwa zimeshafunguliwa.

Meneja alikuwa mtu wa kunyoosha shati. Alilinyoosha. "Mmemwachia?"

"Hakuinuka kitini," Inspekta alisema. "Jana saa tisa na dakika kumi na mbili wewe ulikuwa wapi?"

"Nimeshasema. Getini."

"Gari la viti liliondoka kabla ya saa tisa."

"Nilibaki kidogo nikipunga upepo."

"Mlinzi anasema ulipanda."

"Mlinzi analala kwa macho mawili, muulize mtu yeyote."

"Sawa, tumwache alale. Lile kabati umelifuta lini?"

"Kabati gani? Mimi nafuta makabati? Kuna mtu wa usafi."

"Mtu wa usafi kafuta kona moja tu?"

Meneja alimtazama Fundi. "Haya ni mambo ya huyu. Maiki kwenye pipa! Pipa ni mwangwi mtupu, ukimwaga chawa ndani unasikia tembo. Unaleta pipa mahakamani, Inspekta? Hakimu atacheka mpaka wigi limvuke."

"Huenda akacheka," Inspekta alikubali, bila haraka. "Mimi mwenyewe nilicheka. Nisaidie jambo moja dogo. Ile flashi. Fundi hapa ana mistari minane. Wewe ukaniletea mmoja."

"Ndio unaosikika vizuri."

"Ulijuaje unaosikika vizuri?"

"Nilisikiliza."

"Lini?"

"Jana jioni. Wote walipokwenda hospitali."

"Jana jioni sisi tulikuwa bado tunauliza watu kama kuna aliyesikia chochote. Fundi anadhani ni mlango. Radi anadhani ni mlango. Mshona nguo cherehani ilikuwa inalia. Hakuna mtu mji huu aliyejua kuna kishindo cha kutafuta kwenye rekodi, sembuse dakika. Ila wewe uliketi kwenye mitambo ya mwenzio, ukafungua mstari baada ya mstari, mpaka ukapata ule unaokupeleka ngazini." Inspekta alisogeza kiti cha wageni. "Mtu hutafuta alichokipoteza, Meneja. Ulijua umepoteza nini."

Meneja alikaa. Alitazama kona ya kabati, na akaitazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa kwa mtu asiyejua kabati gani.

"Nilimsukuma tu," alisema. "Kidogo. Aliniambia niache funguo za studio mezani nitoke, kama kibarua. Mimi! Miaka kumi na mmoja nimefungua mlango huu kabla yake. Anasema nimeshindwa kuwadhibiti watu wangu, wanafunga maiki kwenye mapipa, ataendesha mwenyewe. Nikamsukuma. Akajikwaa kwenye zulia, akapiga kichwa pale. Sikumpiga. Dada, nakuapia sikumpiga."

Mkoba ulikuwa mikononi mwa Mama Radi.

"Ni ajali," Meneja aliendelea, sasa akimgeukia Inspekta. "Andika hivyo. Ajali. Nilidhani amekufa. Mtu akikutwa ngazini watu wanasema kateleza, basi, tunalia, tunazika. Sikuwa na nia ya kumtia Radi matatani. Wewe ndiye uliyemtilia shaka kwa yale maneno ya saa sita, mimi nikafuata tu."

"Hilo ni kweli," Inspekta alisema. "La kwangu nitalijibu. Jibu lako."

"Alikuwa hai," Fundi alisema. "Ulipomburuta alikuwa hai. Daktari kasema ile nusu saa aliyolala ngazini bila msaada ndiyo iliyomharibia."

"Mimi si daktari!" Meneja aliinuka, akaketi tena. Alimgeukia dada yake, na sauti ikawa ya mtoto wa mwisho anayejua mlango wa kupitia. "Dada, wewe unanijua. Ningeweza kumfanyia kaka hivyo kwa moyo wangu? Nilichanganyikiwa. Unadhani sikutaka kuita mtu? Ningemwita nani? Humu zikipigwa ngoma huwezi kusikia hata jina lako. Ningepiga ukelele mpaka koo likatike, na zile ngoma, nani angenisikia?"

Mama Radi alimtazama mdogo wake, kisha akatazama mlango wa ofisi, ulio hatua mbili kutoka kwenye pipa.

"Ngoma zilikuwa zimenyamaza," alisema. "Ndiyo maana umesikika."